Mifupa haijengwi na maziwa peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya afya ya mifupa, yani mwanzo mpaka mwisho ni maziwa na vidonge vya kalsiamu, alafu mwishoni mkawaambia wazee wapumzike wasije wakavunjika. Hapo kwenye kupumzika ndo pamenifanya nikae niandike, maana mi nafundisha anatomia, mfupa nimeutazama kwenye hadubini miaka mingi na unachoonyesha mle ni kitu kingine kabisa.

Ukichukua kipande cha mfupa wa paja ukakisaga taratibu mpaka kikawa chembamba kama karatasi, mwanga ukapita, ukikiweka kwenye hadubini unaona miduara imejaa kila mahali, kila mmoja una tundu katikati la mshipa wa damu na umezungukwa na tabaka juu ya tabaka kama gogo lililokatwa. Kila mduara ni kichwa cha nguzo ndogo inayolala kufuata urefu wa mfupa, upana wake milimita 0.2 hivi, tunaziita osteoni. Ndani ya tabaka moja nyuzi za kolajeni, yani protini inayoupa mfupa uimara, zimelala upande mmoja, tabaka linalofuata zimegeuka, kama plaiwudi. Ufa mdogo ukitokea, ukifika kwenye mpaka wa osteoni mara nyingi unakwama au unapinda njia.

Sasa kilichonishangaza tangu nikiwa mwanafunzi ni hiki. Mfupa wa paja umepinda kidogo, kwaiyo ukitembea upande mmoja unavutwa na upande mwingine unabanwa, na ukiangalia nyuzi, upande unaovutwa nyingi zimelala kwa urefu, upande unaobanwa nyingi zimekaa kwa kukingama. Mfupa ni mmoja, mtu ni yuleyule, chakula ni kilekile, jamani maziwa yatajuaje upande upi unabanwa?

Anayejua ni seli. Kati ya hizo tabaka kuna vishimo vidogo sana, kila kishimo kina seli moja inaitwa osteosaiti, na hiyo seli ina mikono myembamba inayopita kwenye vifereji kwenda kushikana na wenzake. Ukikanyaga chini mfupa unapinda, kidogo mno, hata elfu moja ya urefu wake mara nyingi haifiki, ila inatosha kusukuma majimaji yaliyomo kwenye vifereji na seli inahisi. Ikihisi inaita seli za kujenga, isipohisi kitu kwa muda mrefu seli za kubomoa ndo zinapata nafasi. Na ndo sababu uzito uliotulia hausaidii sana, majimaji yanatakiwa yaende yarudi. Mwaka 1984 watafiti Rubin na Lanyon walikua wanaukandamiza na kuuachia mfupa wa bawa la ndege, mara 36 tu kwa siku mfupa ukanenepa, walipoongeza mpaka mamia ya mara haukuzidi pale. Yani sio lazima mtu ajichoshe kutwa nzima.

Wanaanga wanakula vizuri na wanapimwa kila kitu lakini kule juu uzito haupo, nyonga za wanaanga wa miaka ya nyuma zilikua zinapoteza zaidi ya asilimia 1 ya madini kwa mwezi, na hapo walikua wanafanya mazoezi.

Sisemi kalsiamu haina kazi, bila hiyo mfupa hauwezi kukomaa. Ila kumwagia mwili kalsiamu huku mtu amekaa tu ni kama kupeleka saruji saiti na fundi hajaitwa. Alafu kubomoa kunachukua wiki chache, kujenga palepale kunachukua miezi, so anayelala kitandani muda mrefu anapoteza haraka na kurudisha ni polepole sana.

Naomba toleo lijalo mrudi kwenye hii mada. Muwaambie ambao mifupa yao imeshadhoofika wasianze kurukaruka wala kuinama na mizigo, waanze kwa kuinuka kwenye kiti bila kujishika, wapande ngazi taratibu, na wamwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo awapangie kiasi chao. Ila ile sentensi ya kupumzika, naomba sana muisahihishe, kuna mtu ameikata kwenye gazeti akampelekea mama yake.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa anatomia