Barua kwa mama kuhusu kupasuliwa tena

Mama, shikamoo.

Natumaini mvua imeshashika huko Bahi na mtama umeota. Huku Leicester sote hatujambo. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu nikigusia tu habari ya upasuaji unaanza kulia, na mimi nashindwa kumaliza.

Kansa haijarudi. Picha za matiti nilizopiga juzi ni safi. Safari hii wananirudishia umbo tu. Ule uvimbe walipoutoa walikata kipande cha titi, wakaliacha lililobaki, halafu nikapigwa mionzi kama kawaida yao. Mionzi ikamalizia: ngozi imekakamaa, chuchu imevutika kuelekea kwapani, na chini yake pamebonyea kiasi kwamba hata nikijaza soksi kwenye sidiria panaonekana. Shangazi eti anauliza nani ananiona. Si najiona mwenyewe kila nikioga!

Daktari alitaka ngozi itulie kwanza, ndiyo maana nimengoja karibu mwaka. Alinichora kifuani kwa kalamu nikiwa nimesimama wima, maana ukilala titi linahama, hajui tena palipopungua ni wapi. Akanipa njia mbili. Moja ni kuleta msuli wa mgongoni na ngozi yake, ila unabaki na kovu refu huko nyuma. Nyingine ni kufyonza mafuta tumboni na kuyadunga pale palipobonyea. Nimechagua mafuta. Vidonda vyake vidogo, na tumbo langu unalijua, mama, akiba ipo. Ubaya wake, mafuta mengine mwili huyanywa, kwa hiyo huenda wakarudia.

Ile hofu yako kwamba kisu kitauchokoza ugonjwa nimemfikishia kama ulivyoisema, hakucheka. Amesema kujaza titi hakuamshi kansa. Ila mafuta mengine huweza kufa humo ndani yakawa vinundu, hivyo nikipapasa kitu kigumu nisikae nacho, niende kipigwe picha.

Hela sitoi, matibabu yanalipiwa na serikali ya huku. Kwa hiyo mwambie kaka yule ng'ombe asimpeleke mnadani, tafadhali, najua ameshaanza kutafuta mnunuzi. Mkitaka kunitumia kitu, mpeni shemeji anayekuja mlenda mkavu, mwingi, na zabibu kavu kidogo. Nitakuwa nyumbani wiki kadhaa bila kunyanyua kitu kizito, mkwe wako ndiye atakayepika. Ugali wake bado una mabujabuja.

Mwanao