Akiba Haiozi: Wito wa Harambee kwa Ajili ya Meza ya Mama Mkutubi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wengi wenu mlikuwepo makaburini Jumamosi ile tulipomzika Mama Mkutubi. Tarumbeta iliponyamaza, mliwaona wale wanamaji wawili, vijana kabisa, wakiikunja bendera iliyofunika jeneza, mkunjo juu ya mkunjo, polepole, mpaka ikabaki pembetatu ya bluu yenye nyota nyeupe. Mmoja wao akainama mbele ya binti wa dada wa marehemu, akamkabidhi, akamwambia maneno ya shukrani kwa niaba ya Rais wa Marekani, Jeshi la Wanamaji na taifa. Nyuma yangu mama mmoja wa Uvira akaninong'oneza: "Kumbe alikuwa askari?"

Alikuwa askari, mama. Askari wa akiba wa Jeshi la Wanamaji kwa zaidi ya miaka 20, na kwa miaka mingi kuliko hiyo alikuwa mkutubi wa maktaba ya hospitali. Sisi tulimkuta amestaafu kote kuwili, ana nywele nyeupe na miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni, anatungojea tumalize kuabudu ili afunge milango. Tukamwita Mama Mkutubi, na jina hilo likatosha. Mambo ya jeshi hakuyasimulia ila ukimuuliza, na wengi hatukumuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa mlio mbali, mnaoletewa wito huu na ndugu zenu: sisi ni ibada ya Kiswahili hapa Maryland. Tuko Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Warundi, na jengo tunaloabudia si letu. Wenyeji wanasali asubuhi, sisi tunaingia saa nane mchana. Marehemu alikuwa muumini wa ibada ya asubuhi, mwenye zamu ya funguo. Angeweza kukaa garini asome kitabu chake tukimaliza amfungie Bwana nyumba yake. Yeye aliingia ukumbini, akaweka meza ya kukunja pembeni karibu na jikoni, akafungua kompyuta yake, akakaa kumsaidia yeyote aliyekuja na karatasi za hospitali asizozielewa.

Nieleze kwanza huko kwenye akiba, kwa sababu ndiko lilikotoka jina la harambee hii. Askari wa akiba ana kazi yake ya kila siku kama mimi na wewe, lakini mwisho wa wiki moja kila mwezi anavaa sare, na kila mwaka anatoa takriban wiki mbili za mafunzo. Mengine yote ni kungoja kuitwa. Yeye aliitwa mwaka 1990. Iraki ilipoivamia Kuwait, mwezi Agosti meli ya hospitali ya USNS Comfort iliondoka Baltimore kuelekea Ghuba. Ni meli ya mafuta iliyogeuzwa hospitali, ina vitanda 1,000, imepakwa rangi nyeupe na misalaba mikubwa myekundu ubavuni. Madaktari na wauguzi wake wengi walitolewa hospitali ya wanamaji ya Bethesda, hapa hapa kwetu. Wagonjwa wa Bethesda, je, wahudumiwe na nani? Wakaitwa watu wa akiba kuziba mapengo. Yeye, mhudumu wa tiba wa wanamaji, akaiacha maktaba yake, akaenda kugeuza wagonjwa vitandani na kuwapima joto usiku kucha.

Nilipomwuliza kama alisikitika kwamba hakupanda meli, alinitazama kwa mshangao. Akasema kuna waliokwenda na kuna waliobaki ili wengine waweze kwenda, na mgonjwa wa kitanda cha mwisho wodini hajui tofauti. Nikamfundisha msemo wetu: akiba haiozi. Akaniomba niurudie, akauandika, akauliza neno lenyewe ni lile lile la askari wa akiba. Nilipomwambia ndilo, alifurahi kama mtoto. Tangu siku hiyo, akisikia gari la mtu limekufa njiani au mtu hana wa kumkalia watoto, alisema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "Mimi ni akiba." Na alikuja kweli.

Sasa ukutubi. Ukivuka barabara tu kutoka hospitali hiyo iliyokuwa ya wanamaji, upande wa pili wa Rockville Pike, ipo Maktaba ya Taifa ya Tiba, kubwa kuliko maktaba zote za tiba duniani. Yeye hakuajiriwa pale, alikuwa kwenye maktaba ndogo ya hospitali nyingine, lakini aliitaja kama sisi tunavyoitaja shule tuliyosomea. Alipenda kutuambia kwamba ilianza mwaka 1836, rafu ya vitabu ofisini kwa mganga mkuu wa jeshi. Na alitusimulia jinsi kazi ilivyokuwa alipoianza: daktari anapiga simu yuko na mgonjwa, anataka kujua ugonjwa fulani adimu umeandikwa wapi, na mkutubi anashusha majuzuu mazito ya faharisi ya makala za tiba, anafuata kwa kidole safu baada ya safu. Mwaka 1971 ikaja MEDLINE, faharisi ya makala za tiba ndani ya kompyuta, ukauliza kwa mashine kupitia waya wa simu, lakini ilihitaji mkutubi aliyefunzwa, na ililipiwa. Mgonjwa mwenyewe hakuwa na njia. Ndiyo maana aliukumbuka Juni 1997 kuliko mwezi wowote wa maisha yake ya kazi: ndipo utafutaji huo ulipofanywa bure kwenye intaneti kwa mtu yeyote. Alisema alilia pale mezani pake kazini.

Wako watakaosema, kama ni bure na kila mtu ana simu, meza ya nini? Nitawajibu kwa habari za mama mkwe wangu.

Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Bukoba, akapata donge la damu mguuni. Hospitali moja ikamtibu vizuri, ikamrudisha nyumbani na vidonge vya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kurasa sita za Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na orodha ya mboga za majani zenye vitamini K, inayoweza kupunguza nguvu ya dawa. Binti yangu wa darasa la saba ndiye aliyemtafsiria bibi yake: usile mboga za majani. Mama akatii. Kwa wiki tatu hakugusa kisamvu, hakugusa mchicha, akawa anakula ugali na maharage na kunyong'onyea. Kisha Jumapili moja ya sherehe, hapa hapa ukumbini, akashindwa kujizuia, akala sahani nzima ya sombe ya ndugu zetu wa Kongo. Vipimo vilivyofuata vya kuganda kwa damu vikayumba, daktari akashangaa, sisi tukaogopa.

Nikazipeleka zile kurasa kwenye meza. Mama Mkutubi alizisoma zote, hakuruka mstari. Akaniuliza: hii mboga mliyokula inaitwaje? Nikasema kisamvu. Jirani yangu akasema sombe. Akauliza ni majani ya mti gani, tukamwonyesha picha ya muhogo kwenye simu. Akaandika jina la kisayansi la muhogo, Manihot esculenta, akaanza kutafuta. Kwenye orodha ya hospitali haikuwemo, na asiyelijua jina hilo asingepata pa kuanzia. Alipomaliza alinionyesha aya moja katika maelezo ya dawa yenyewe, akainyooshea penseli: ushauri ni kula mboga kwa kiasi kile kile kila wiki, mtu asiache ghafla wala asizidishe ghafla. Kisha akachukua kadi nyeupe, akaandika kwa herufi kubwa za kijeshi swali la kumpelekea daktari: "Mama anakula majani ya muhogo. Kwa wiki ale mara ngapi, na dawa ipangwe vipi kufuatana na hapo?" Akaniambia sentensi aliyomwambia kila mtu aliyekaa kwenye kiti kile: "Mimi si daktari. Mimi nakutafutia, daktari ndiye anayeamua."

Daktari aliisoma kadi, akapanga dawa upya. Mama mkwe alirudi Bukoba mzima, na sombe aliila kabla ya kuondoka.

Simu ya mkononi isingefanya hivyo. Simu haikuulizi mboga hiyo unaiitaje.

Alituonya pia tuache kuwafanya watoto wakalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya Marekani inatakiwa kukupatia mkalimani bila malipo. Ni haki inayotokana na sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, na sheria ya afya ya 2010 ikaikazia. Sentensi ya Kiingereza ya kuidai haki hiyo aliichapa kwenye vikadi, na wengi wenu mnavyo kwenye pochi mpaka sasa. Mzee mmoja wetu alimeza dawa yake ya "saa 6" adhuhuri kwa miezi miwili, kwa sababu kwake sita ni saa sita. Mama Mkutubi hakucheka. Alisema wanamaji nao wana saa zao, zinahesabiwa mpaka 24, na mtu asiyefundishwa atakosea vile vile. Wiki iliyofuata alikuja na karatasi zenye safu mbili, saa za chupa ya dawa na saa za Kiswahili, jua limechorwa juu na mwezi chini.

Na kuna daftari. Ni la jalada jeusi, gumu, na binti wa dada yake ametuachia sisi pamoja na meza na kiti. Mkutubi wa tiba anafundishwa kwamba ugonjwa mmoja una majina mengi, na kazi yake ni kuyakusanya yote chini ya jina moja ili anayetafuta asipotee. Akatufanyia hivyo hivyo. Ukurasa wa shinikizo la damu una "presha" ya Watanzania na Wakenya, na "tansio" ya Wakongomani. Malaria ina "homa" na "palu". Kuna sukari, kuna kifua kikuu, kuna moyo kwenda mbio, na kando ya kila neno ameandika limetoka mji gani. Nimelipitia lote usiku wa juzi. Sijapata kuona mahali pengine maneno ya Kigoma, Bukavu na Mombasa yamekaa kwenye ukurasa mmoja kwa heshima namna hiyo, na aliyeyaandika hakuweza kusema sentensi tatu za Kiswahili bila kusita.

Wapendwa, meza ile imekunjwa tangu alipolazwa. Kila Jumapili naona watu wanaitazama ukutani na bahasha za hospitali mkononi. Familia ilisema hawataki maua. Kamati imekaa, na tunaomba tuchange dola 12,500.

Kati ya hizo, dola 1,500 ni za kompyuta nyingine, mashine ya kuchapa, wino na karatasi, maana kompyuta yake imezeeka. Dola 3,000 zitawalipia vijana wetu wanne mafunzo ya ukalimani wa tiba. Ni mafunzo ya saa 40, kiwango cha chini kinachotakiwa kabla ya kufanya mtihani wa cheti cha taifa, na wote wanne wameahidi zamu mezani kwa miaka miwili. Dola 8,000 zilizobaki ni za binti yetu mmoja aliyekubaliwa kusomea shahada ya uzamili ya ukutubi. Hizi ndizo ninazoziombea kwa nguvu zaidi. Ndiye aliyekuwa akikaa kando ya Mama Mkutubi akimshikia daftari tangu yuko sekondari, na siku aliyopata barua ya kukubaliwa, mtu wa kwanza aliyempigia simu alikuwa yule mgonjwa kitandani. Zitamsaidia karo ya miaka miwili. Karo itakayobaki ataifanyia kazi mwenyewe, na wazazi wake wameshaanza.

Harambee itakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, mara baada ya ibada. Mnada utakuwepo kama kawaida yetu, kwa hiyo kina mama leteni maandazi, viazi vitamu, mikungu ya matoke, kitenge, chochote Bwana alichokujalia. Kina baba, mwaka jana mliinunua keki moja mara saba mkiirudisha mezani kila mara. Njooni na moyo ule ule. Ahadi zitapokelewa na kulipwa ndani ya miezi miwili. Mlio majimbo mengine, na mlio Dar es Salaam, Nairobi, Bujumbura au Goma ambao mzazi wenu aliwahi kukaa kwenye kiti kile alipokuja huku, mpitishieni mchango ndugu yenu aliye nasi, amkabidhi mweka hazina. Kila atoaye atapata stakabadhi, na walipa kodi wa hapa watapewa barua ya mwisho wa mwaka. Asiye na fedha atupe Jumapili moja ya kukaa mezani kupokea watu na kuwapikia chai. Hesabu zote zitabandikwa ubaoni ukumbini kila mwezi, senti kwa senti.

Daftari litakuwa wazi juu ya meza siku hiyo ili kila mtu alione. Neno la mwisho ndani yake ni "kichomi". Mbele yake ameweka alama ya kuuliza, akaandika: mbavu, au mapafu? Chini yake, kwa mwandiko uliokwisha kuanza kutetemeka: niwaulize Jumapili.