Shukrani kwa mama wa Kadutu muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani

Mama, jina lako silijui, lakini nakushukuru mbele ya watu wote wa Bukavu.

Nilitoka msibani, nimepewa uji wenye sukari nyingi, nikapita sokoni Kadutu. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likanitiririka, tumbo likanikata. Watu wakasema ni njaa, mnywesheni soda. Nikakunong'oneza kwamba nilipasuliwa kupunguza tumbo la chakula na kuunganishwa utumbo, na sukari ikishuka haraka kwenye utumbo huvuta maji ya mwili yaingie utumboni na kuniangusha hivyo. Ukaniamini papo hapo! Ukairudisha ile soda, ukatandika kitenge chako nyuma ya meza, ukanilaza hadi mapigo yalipotulia.

Kuna aliyesema, "Amekonda hivi, huyu ana ugonjwa." Ukamjibu, "Umempima wewe?" Mama, hilo sitalisahau. Kwetu mtu akipungua anazikwa kwa maneno kabla ya kuulizwa.

Tangu siku hiyo unanichagulia sambaza, maana protini ndiyo ninayoanza nayo kabla ya bugali, kidogo kidogo, nikitafuna sana, na maji nayaacha mpaka nusu saa baada ya kula. Hata dawa za vitamini unaniuliza kama nimemeza, nami nitazimeza maisha yangu yote.

Vipimo vya damu vimetoka: chuma na vitamini B12 viko sawa. Nilitaka ulijue hilo. Aksanti sana, mama.