Ulalo wa meza: barua kwa mwanangu

Mafinga, Iringa

Mwanangu mpendwa,

Daftari lako la hesabu limenifikia kwa mkono wa baba yako mdogo, nami nimelisoma jana jioni baada ya kufunga karakana. Huku hatujambo, isipokuwa baridi ni kali na mbao hazikauki upesi. Nimeona umekosa maswali mawili, na kwa kuwa makosa yote yametoka kwenye shina moja, sikutaka kusubiri mfunge shule.

Umeandika kwamba 0.333... si namba wiano kwa sababu haina mwisho. Sivyo. Namba wiano ni ile inayoweza kuandikwa kama sehemu, yaani namba nzima juu ya namba nzima isiyo sifuri, na theluthi moja ni sehemu halali hata kama desimali yake haikomi. Gawanya 1 kwa 7 kwa mkono, bila kikokotoo: utapata 0.142857, kisha tarakimu zile zile sita zitaanza upya, kwa kuwa baki unazoweza kupata ni kuanzia 1 hadi 6 tu, na baki ikijirudia, kila kinachofuata hujirudia nayo. Namba isiyo wiano ni ile ambayo desimali yake haikomi na wala haina kundi la tarakimu linalojirudia hivyo.

Umeandika pia kwamba pai, yaani mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake, ni namba wiano kwa kuwa ni 22/7. Hapo sikulaumu, maana hata mimi nilifundishwa hivyo shule ya msingi, nikaishi na kosa hilo miaka mingi. 22/7 ni 3.142857..., ilhali pai ni 3.141592...; zinaachana kwenye tarakimu ya tatu ya desimali. Sehemu ile ni kadirio tu. Mwanahisabati Johann Lambert ndiye aliyethibitisha, katika miaka ya 1760, kwamba pai haiandikiki kama sehemu.

Uthibitisho wake ni mgumu, lakini upo mwingine unaouweza, wa namba nyingine isiyo wiano. Juzi nilitengeneza meza ya mraba yenye upande wa mita 1, na kabla ya kupiga misumari nikapima ulalo, kona kwa kona, kuhakikisha fremu haijapinda. Futi kamba ilisoma sentimita 141 na milimita 4. Kwa kanuni ya Pythagoras, ulalo huo ni kipeuo cha pili cha 2, lakini 1.414 ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 1.999396, si 2. Ukiongeza tarakimu utakaribia zaidi, ila hutafika, na sababu yake ni hii.

Tuseme ulalo ni sehemu a/b iliyorahisishwa mpaka mwisho. Basi a × a = 2 × b × b, kwa hiyo a ni shufwa, kwani witiri mara witiri huzaa witiri. Andika a kuwa 2c; utapata b × b = 2 × c × c, na b nayo inakuwa shufwa. Zote mbili zinagawanyika kwa 2, na sisi tulisema sehemu imerahisishwa mpaka mwisho! Kwa hiyo sehemu hiyo haipo. Isome taratibu, kalamu mkononi, mara mbili au tatu.

Kisha jaribu njia hiyo hiyo kwa kipeuo cha pili cha 3, halafu cha 4, uniandikie ni hatua ipi inayokwama kwenye 4.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako.