RISALA YA CHAMA CHA WANAFUNZI WA TAKWIMU NA UCHUMI KWA MGENI RASMI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uongozi wa chuo, walimu, wazazi na wanachama wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo. Chama chetu kilianzishwa na wanafunzi saba. Kiliyumba, kikafufuka, na leo ni nguzo ya chuo hiki.

Mafanikio ni makubwa. Kila mwanachama anachora kwa mkono mchoro wa Lorenz wa mwaka 1905, unaoonyesha mali au kipato kinavyogawanyika kati ya kaya, na kukokotoa kipimo cha Gini cha mwaka 1912, kinachopima ukosefu wa usawa, ambacho ni 0 kaya zote zikiwa sawa, na 1 kaya moja ikichukua kila kitu. Tuna pia jarida la ukutani. Toleo la pili liko mbioni.

Changamoto ni nyingi, ila leo tunaomba utusikilize kwa moja tu: kukosa takwimu ghafi, yaani rekodi za kaya mojamoja.

Mheshimiwa, tunachopewa ni wastani. Chukua kaya kumi: tisa zina mali ya 10 kila moja, ya kumi ina 910. Wastani ni 100, na hakuna kaya hata moja yenye 100. Jedwali lililochapishwa linaficha hayo. Rekodi za kaya mojamoja ndizo zinazoyafichua.

Linalotuuma zaidi ni mali. Utafiti wa kaya huuliza kipato na matumizi kwa kirefu, mali huguswa juu juu. Kaya mbili zenye mshahara uleule, moja imerithi nyumba na hisa, nyingine inahangaika na mkopo, kwenye jedwali la kipato ni mapacha. Tena matajiri ni wachache. Sampuli, yaani kaya chache zinazochaguliwa kwa bahati nasibu, huwapita, na wakifikiwa wengi hukataa kuhojiwa. Benki Kuu ya Marekani, katika utafiti wake wa mali za kaya wa kila miaka mitatu, hutumia kumbukumbu za kodi ili kaya tajiri ziingie za kutosha. Bila hivyo, pengo linaonekana dogo kuliko lilivyo, na sera hupangwa kwa kipimo hicho.

Tunaomba rekodi za utafiti wa kaya na za kodi, majina yakiwa yameondolewa. Tunajua neno siri litatajwa, maana hutajwa kila mara. Upo mtindo unaotumika Luxembourg: mtafiti hutuma programu, mashine hurudisha majedwali, rekodi zenyewe hazitoki. Tuko tayari kwa mtindo huo.

Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa tunakumbusha kwamba mwaka juzi, katika jukwaa hilihili, mgeni rasmi alisema jambo hili ni dogo, tulipeleke ofisini. Tulilipeleka. Mwaka jana aliyemfuata akatuambia linafanyiwa kazi, nasi tukampigia makofi. Tuna barua tatu zenye mhuri wa kupokelewa; majibu hatujayaona. Wenzetu walioandika barua ya kwanza wamehitimu bila kugusa rekodi moja.

Rasimu ya makubaliano ya usiri imo ndani ya bahasha uliyokabidhiwa. Tunakuomba, kabla hujaondoka, ututajie afisa atakayeishughulikia na tarehe ya kumfuata.

Tunaomba kuwasilisha.