Sikio safi, jicho ukungu: kosa ni la lenzi au la kamera?

Mteja wetu mmoja alikuja na picha za arusi ya dadake kwenye bahasha. Bibi arusi amepambwa hina hadi viwikoni, ameangalia kamera moja kwa moja, na mpigaji alisogea karibu, kama mita moja hivi. Ukiitazama picha, sikio limetoka safi hata vijiwe vya hereni utavihesabu. Macho yana ukungu. Picha saba zote zilikuwa hivyo. "Fundi," akaniambia, "hii lenzi ni kipofu. Nitafutie nyingine."

Lenzi yenyewe ni Jupiter-8 ya Kisovieti, milimita 50, f/2 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ameifunga kwa adapta kwenye kamera ya Leica M6. Tuliipima ikaonekana inaona vizuri tu. Iliyokosea ni hesabu kati yake na kamera, na kwa kuwa wiki haipiti bila mtu kutuletea kesi kama hii, afadhali niieleze mara moja.

Ukichungulia kwenye kidirisha cha renjifainda, yaani kipima umbali cha kamera, huoni kupitia lenzi. Unaona picha mbili za kitu kimoja kutoka madirisha mawili yaliyoachana, na ukizungusha pete ya lenzi picha hizo zinasogeleana hadi zinalaliana. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja kisha jingine: kidole kinaruka. Kikiwa karibu kinaruka sana, kikiwa mbali kinaruka kidogo. Kamera inapima mruko huo. Nyuma ya lenzi kuna ukingo wa chuma unaogusa mkono mdogo ndani ya kamera, na kwenye Leica ncha ya mkono huo ina kigurudumu. Lenzi ikisogea mbele, mkono unaifuata, picha mbili zinasogea. Kamera haina njia ya kujua kama picha kwenye filamu imekaa. Inaamini chuma kilichoigusa, basi.

Mkono huo wa Leica umepimwa kwa lenzi ya milimita 51.6. Lenzi pana na lenzi ndefu huchongwa ukingo wao ili zimdanganye huyo mkono, aone kama kawaida. Kwa hiyo swali la kwanza tunalomuuliza kila anayekuja ni hili: una lenzi nyingine? Lenzi zote zikikosea sawasawa, kosa ni la bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Ikikosea moja tu, bodi iacheni ilivyo.

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kuna video mitandaoni zinazokuonyesha skrubu ya renjifainda na kukwambia uizungushe mpaka picha zikae. Usifanye hivyo kwa ajili ya lenzi moja. Bodi ndiyo mizani ya duka. Huchezei mizani kwa sababu gunia moja limekuja pungufu. Ukiichezea, kila gunia litakalofuata litapimwa vibaya. Tumepokea kamera ambazo mwenyewe alizikaza zikubaliane na lenzi mbovu, halafu lenzi tatu nzima zilizobaki zikageuka mbovu siku hiyo hiyo.

Upimaji wa kwanza unaweza kuufanya mwenyewe, na hautumii hata fremu moja ya filamu. Fungua mgongo wa kamera ikiwa tupu. Weka kioo kilichosagwa, upande wa ukungu ukitazama lenzi, juu ya zile reli mbili za ndani ambazo filamu hupitia. Ukikosa kioo, selotepu isiyong'aa iliyovutwa vizuri inatosha kuanzia, ingawa ikilegea tu itakudanganya. Shata (pazia la kamera) iwe kwenye B ili ibaki wazi, waya wa kubofyea umefungwa, lenzi imefunguliwa hadi mwisho, kamera juu ya stendi. Kisha chungulia kioo kwa lenzi ya kukuzia, ile ya sonara. (FED na Zorki, kamera za Kisovieti, zile za zamani kabisa zinazopakiwa filamu kwa chini, hazina mgongo wa kufungua. Hizo zinapimwa kwa filamu au zinaletwa kwa fundi.)

Anza na mbali, na mbali iwe mbali kweli. Nyumba ya jirani haitoshi, wala mnara wa simu wa mtaa wa pili. Sisi hapa Mombasa tunatumia meli zinazosubiri zamu nje ya bandari ya Kilindini, na tunatazama milingoti yake, kwa sababu renjifainda husoma mistari iliyosimama. Mstari wa upeo wa bahari hauna faida, utauona umelaliana hata ukiwa umekosea. Twende asubuhi, saa saba mchana hewa inachemka na mlingoti unacheza. Usiku, mwezi unafaa sana.

Lenzi ikiwa kwenye alama ya nane iliyolala, yaani mbali kabisa, mambo mawili yatimie pamoja: milingoti ilaliane kwenye kidirisha, na meli iwe safi kwenye kioo. Milingoti ikiwa miwili lakini meli ni safi kwenye kioo, jaribu lenzi nyingine. Zikisema vivyo hivyo, bodi inataka marekebisho. Milingoti ikilaliana lakini kioo kina ukungu, kosa liko kwenye lenzi. Picha mbili zikipandana juu na chini badala ya kando, fokasi, yaani pale picha inapokaa safi, haijaharibika, ila jicho lako linapata taabu kuamua. Hilo ni rekebisho dogo.

Jupiter-8 ya huyu mteja ilipofika kwenye meli, milingoti ililaliana na kioo kikawa na ukungu. Meli ilikuja kuwa safi pale pete ilipofika kati ya mita 10 na 15. Kwa lenzi kama hiyo, hapo ni kama milimita 0.2 za mwendo. Yaani vioo vya lenzi vilikuwa vimekaa ndani zaidi ya inavyopasa kwa unene wa karatasi mbili hivi. Nikamuuliza kama lenzi iliwahi kufunguliwa. Akanyamaza kidogo, kisha akakiri: ilikuwa na kuvu, binamu yake akaisafisha.

Basi hadithi ikajieleza. Kati ya kifurushi cha vioo na bomba la lenzi, Jupiter huwa na washa, kipete chembamba cha kujazia nafasi, na unene wake ulichaguliwa kiwandani kwa kila lenzi peke yake. Binamu alisafisha kuvu vizuri, nampa heko, lakini washa moja ilibaki mezani. Mwenyewe hakushtuka kwa sababu mandhari alipiga kwa f/8, na kwa f/8 kosa la 0.2 halionekani. Kwa bibi arusi, mita moja, f/2, sehemu iliyo safi mbele na nyuma jumla yake ni sentimita 4 na nusu hivi. Kosa lake lilisukuma fokasi nyuma kama sentimita 10. Pima kutoka jicho hadi sikio lako.

Tukarudisha washa ya 0.2. Meli ikakaa, kidirisha na kioo vikakubaliana. Kisha tukaja kwenye kipimo cha pili, mita moja: rula imelazwa kwa mshazari, tumelenga alama moja, tumepiga mara tano, kila mara tunaanza upya kutoka mbali. Bado fokasi ilikuwa nyuma kwa sentimita 3.

Hilo halikuwa kosa la binamu. Jupiter-8 imetokana na Sonnar, lenzi ya Zeiss iliyotengenezewa kamera ya Contax, na kipimo cha Contax kilikuwa milimita 52.4, wakati mkono wa Leica unangoja 51.6. Mbali zinakubaliana. Mita moja, lenzi ya 52.4 inataka kutoka nje karibu milimita 0.09 zaidi ya anavyodhani mkono, na hizo ndizo sentimita 3 zenyewe. Ukifunga f/4 zinamezwa. Kwa f/2 zinaonekana.

Dawa yake ni kuchagua unataka kupoteza wapi. Tukiongeza washa ya 0.1, mita moja inakaa pazuri, mita 2 pia, lakini kuanzia kama mita 5 kwenda mbele, kwa f/2, picha inalainika. Ukifunga f/4 meli inarudi. Ukiacha ilivyo, mbali ni safi na karibu uwe unajikumbusha kuegemea nyuma kidogo baada ya kulenga. Sisi hatumchagulii mtu. Huyu anapiga sura za watu tu, akataka washa iongezwe.

Adapta nazo zinalaumiwa mno. Kutoka uzi wa M39 (lenzi za kukaza kama skrubu) kwenda M (mdomo wa Leica) lazima iwe milimita 1 kamili, tofauti ya 28.8 na 27.8 kutoka mdomo hadi filamu, na za bei rahisi mara nyingi hazifiki au zinapita. Lakini kwa lenzi ya 50, adapta nene inasogeza vioo na ukingo pamoja, kwa hiyo kidirisha bado kinasema kweli. Utakachokosa ni kufika mbali kabisa. Ukifunga lenzi ya 35 au 85 juu yake, hapo ndipo inapouma. Na mwenye Jupiter-9 ya 85 kwenye Zorki-4 ajue madirisha ya kamera hiyo yameachana milimita 38 tu, dhidi ya 67 za FED-2. Kwa f/2 na mita 1.15 una sentimita 2 za kuchezea. Hata kila kitu kikiwa sawa, utakosa baadhi.

Kuna hali moja ambayo hatutozi pesa kwa sababu hakuna cha kutengeneza. Lenzi za ukoo wa Sonnar, ile C Sonnar ya kisasa ya Zeiss ya f/1.5 ikiwemo, husogeza fokasi nyuma unapoanza kufunga tundu. Ikiwa safi kwa f/1.5, itateleza kwa f/2.8, na kinyume chake. Ni tabia ya vioo. Mwambie fundi ni tundu lipi unalotumia zaidi, aipime kwa hilo.

Ikiwa kosa linabadilika kila picha, leo mbele kesho nyuma, usifikirie washa. Tikisa pete ya lenzi kwa vidole. Joto letu la pwani huyeyusha grisi nyepesi, inakimbia, nyuzi zinabaki zinacheza. Wengine wanadondoshea mafuta ya cherehani. Yatatiririka hadi kwenye mapanga ya tundu, na hapo utakuwa umejinunulia kazi ya pili.

Kupima tunafanya bure, ukingoja. Njoo na bodi, lenzi na adapta vyote kwa pamoja, vikiwa vimefungwa kama unavyovitumia, na uje na negativu ya picha iliyokuudhi. Na kama kuna binamu aliyeifungua, tuambie mlangoni.