Kwa mdogo wangu uliyeacha dawa ya nywele

Mdogo wangu,

Umeniandikia kwamba kichwa hakichaniki. Juu kipilipili, chini nywele zimelala kama uzi, na kila ukipitisha kitana zinabaki menoni. Kabla hujarudi kupaka dawa ukidhani nywele zako ndizo mbaya, nisikilize kidogo.

Dawa ilizinyoosha kwa kuzivunja kwa ndani. Nyingi zina sodiamu haidroksaidi au kalsiamu haidroksaidi, kali kufikia 12 na zaidi kwenye pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, na kazi yake ni kukata vile vifungo vya salfa vinavyoufanya unywele ujisokote. Vikishakatika vimekatika. Kwa hiyo ukiuziwa mafuta ya kuzigeuza zile za dawa ziwe za asili tena, hela yako iache mfukoni. Za asili zitatoka kwenye ngozi ya kichwa tu, na mwendo wake ni kama sentimita moja na ushee kwa mwezi, yapata 15 kwa mwaka.

Shida yako kubwa iko kwenye kiungo, pale za asili na za dawa zinapokutana, hapo ndipo unywele dhaifu kuliko kwingine kote. Okota mmoja kwenye kitana uutazame kwenye mwanga. Ukiona kidoa cheupe nchani, huo umetoka na shina lake, muda wake umefika. Watu humwaga nywele 50 hadi 100 kwa siku, wala usihesabu. Lakini ukiwa hauna kidoa na umenyooka mwanzo mwisho, umekatikia kwenye kiungo. Hizo za aina ya pili ndizo za kuziangalia.

Kwanza, acha kuchana kavu. Lowesha, gawa mafungu manne au sita, jaza kondishena mpaka ziteleze mkononi. Fungua mafundo kwa vidole, ndipo ushike chanuo la meno mapana, uanzie nchani ukipanda taratibu. Ukianzia juu unalisukuma fundo lote likajikaze palepale kwenye kiungo, na utasikia likikatika, ile sauti ndogo unaijua.

Halafu hizo za juu zina kiu. Mafuta ya ngozi ya kichwa hayashuki vizuri kwenye unywele uliojikunja, ndiyo maana hukauka upesi. Ila usimwagie mafuta juu ya nywele kavu ukasema umezinywesha! Maji au kondishena ya kuacha kichwani bila kusuuza kwanza, mafuta baadaye ili unyevu usitoke. Usiku funga kitambaa cha satini.

Najua utatamani kupiga pasi mizizi ifanane na ncha. Moto ukizidi utaziharibu hata hizi mpya, na utakuwa umeanza upya. Zisokote mabutu zikiwa na unyevu, ziache zikauke kabisa, ndipo ufumue. Juu na chini zitajikunja pamoja. Na msusi akikwambia akuwekee "dawa kidogo tu, ya kulegeza", kataa. Ni dawa ileile, imekaa muda mfupi.

Kukata? Mimi ningekata. Lakini kichwa ni chako, na kama hujawa tayari kuonekana na nywele fupi, punguza ncha kidogo kila baada ya miezi miwili mpaka za dawa ziishe. Yeyote atakayekucheka amekosa kazi.

Wale wanaokuambia unajisumbua bure wape hili: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, uliona saratani ya mfuko wa uzazi imejitokeza zaidi kwa waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka kuliko kwa wasiotumia. Haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Kwangu mimi inatosha kunipunguzia hamu.

Rasta suka, zitakupumzisha. Ila ukitoka saluni nyusi zimepanda na vipele vimetoka kwenye paji, zile za mbele fumua siku hiyohiyo, maana nywele za pembeni zikivutwa sana na kwa muda mrefu zinaweza zisiote tena. Usipitishe wiki nane. Na siku ya kufumua itenge kabisa: usianze saa tatu usiku, kesho yake una kazi, ukaishia kuvuta kwa hasira.

Dada yako